Programu Iandikayo Programu: Makro za Asembla na Lugha Nyingine

Utangulizi

Kila mwalimu aliyewahi kubandika ratiba ya masomo katika mbao mbili za matangazo anajua jambo hili: kipindi kimoja kikihamishwa, ubao mmoja hurekebishwa na mwingine husahauliwa. Kesho yake darasa moja hupata walimu wawili, na jingine halipati hata mmoja. Ubaya hautokani na ratiba yenyewe. Unatokana na kuuandika ukweli mmoja mahali pawili, kisha kuitegemea kumbukumbu ya binadamu iufanye ulingane.

Waandishi wa programu za kompyuta hupatwa na balaa hiyo hiyo, na mara nyingi kwa hasara kubwa zaidi. Katika makala haya tutaeleza njia moja ya kuiepuka, ambayo imetumika tangu miaka ya 1960: kuitumia asembla, yaani chombo kilichoundwa ili kuandika maagizo ya mashine, kuandika matini ya programu katika lugha nyingine kama vile COBOL na PL/I. Mwanafunzi asiyewahi kuigusa asembla asiogope. Atakachohitaji ni subira, penseli na karatasi ya mirabaraba.

1. Tatizo lenyewe

Tuchukulie kwamba matokeo ya mtihani yamehifadhiwa katika faili. Kila mtahiniwa ana rekodi moja yenye nafasi 50 za herufi. Nafasi ya 1 hadi ya 9 ni namba yake. Ya 10 hadi ya 34 ni jina lake. Ya 35 hadi ya 39 ni namba ya shule. Ya 40 hadi ya 42 ni alama alizopata. Na nafasi 8 zilizobaki ni akiba.

Faili hiyo inatumiwa na programu mbili. Ya kwanza, inayoingiza alama, imeandikwa kwa COBOL. Ya pili, inayochapa vyeti, imeandikwa kwa PL/I. Kila moja ina maelezo yake ya rekodi, kwa lugha yake.

Sasa inaonekana kwamba nafasi 25 hazitoshi kwa majina marefu. Mwandishi wa programu ya COBOL anaongeza nafasi 5 kwa jina na kuzipunguza katika akiba, ambayo sasa inabaki na nafasi 3. Urefu wa rekodi unabaki 50 kama ulivyokuwa. Faili inaandikwa upya kwa mpango huo mpya, lakini programu ya PL/I haiguswi.

Je, kitatokea nini? Katika faili mpya, namba ya shule imesogea hadi nafasi ya 40 hadi 44, na alama ziko nafasi ya 45 hadi 47. Lakini programu ya vyeti ingali inazitafuta alama katika nafasi ya 40 hadi 42, ambamo sasa mna tarakimu tatu za mwanzo za namba ya shule. Ikiwa namba ya shule ni 04127, kila mtahiniwa wa shule hiyo, hodari na mvivu, atapewa alama 041. Mashine haitalalamika hata kidogo, kwa kuwa 041 ni tarakimu halali, na urefu wa rekodi nao ni ule ule. Kosa la namna hii ni baya kuliko lile linaloisimamisha programu, kwa maana programu inaendelea kutoa majibu, na majibu yenyewe yanafanana na ukweli.

Dawa yake yaeleweka kirahisi: maelezo ya rekodi yaandikwe mara moja tu, na nakala za COBOL na PL/I ziandikwe na mashine kutokana na maelezo hayo. Wahenga walinena kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Rekodi nayo yataka nahodha mmoja.

2. Asembla na makro

Asembla ni programu inayosoma maagizo yaliyoandikwa kwa vifupisho vya herufi na kuyageuza kuwa maagizo ya lugha ya mashine. Kwa kawaida mstari mmoja huzaa agizo moja. Lakini watumiaji wa kompyuta za mwanzo waligundua kwamba walikuwa wakiyarudia mafungu yale yale ya mistari, yakitofautiana kidogo tu. Ndipo makro zilipozaliwa.

Makro ni kalibu. Mfyatua matofali hachongi kila tofali kwa mkono. Hutengeneza kalibu mara moja, kisha huijaza udongo mara nyingi. Vivyo hivyo, mwandishi wa programu huandika makro mara moja, akiacha ndani yake mianya yenye majina. Kila anapoiita makro hiyo hutaja kitu cha kuijazia mianya, na asembla huandika mistari kamili kwa niaba yake.

Mwaka 1960, M. Douglas McIlroy alichapisha makala iliyoonyesha jinsi makro zinavyoweza kuwa na masharti, kuitana zenyewe kwa zenyewe, na kutumika hata nje ya asembla. Mwaka 1964 kampuni ya IBM ya Marekani ilitangaza kompyuta za System/360, na asembla yake ilikuwa na makro zenye uwezo mkubwa. Mifano yetu tutaiandika kwa lugha ya asembla hiyo, ambayo vizazi vyake vingali vinatumika.

Mambo machache yatosha kuifahamu mifano hiyo:

(a) Makro huanza kwa neno MACRO na kuishia kwa MEND. Neno MEXIT huitoka makro kabla ya mwisho wake.

(b) Jina linaloanza kwa alama & ni kigeu, yaani mwanya utakaojazwa.

(c) SETA hukipa kigeu thamani ya namba, na SETC hukipa thamani ya herufi. GBLA na GBLC hutangaza vigeu vinavyojulikana na makro zote kwa pamoja.

(d) AIF hupima sharti. Sharti likitimia, asembla huruka hadi mstari wenye lebo iliyotajwa. Lebo hizo huanza kwa nukta.

Msomaji azingatie sana kwamba mambo yote hayo hufanyika wakati asembla inaposoma matini, wala si wakati programu inapotendwa. Kuna nyakati mbili: wakati wa kuandika na wakati wa kutenda. Hesabu inayofanywa na SETA ni ya wakati wa kuandika. Ikimalizika, huacha matokeo yake katika matini na yenyewe hutoweka. Anayezichanganya nyakati hizi mbili hatazielewa makro kamwe.

3. Agizo la PUNCH

Hadi hapa makro zinazaa mistari ya asembla tu. Mlango wa kuingilia katika lugha nyingine ni agizo liitwalo PUNCH. Jina hili ni kumbukumbu ya enzi za kadi za matundu, ambapo kompyuta ilitoboa kadi zenye safu 80. PUNCH huyachukua maneno yaliyo baina ya alama mbili za ritifaa, hujaza vigeu vilivyomo, kisha huyatoa kama kadi moja. Kadi zilipoondoka, agizo lilibaki. Siku hizi huandika rekodi ya nafasi 80 katika faili.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba asembla haijali maneno hayo ni ya lugha gani. Inafanana na mpiga chapa apangaye herufi za lugha asiyoijua: akizipanga kama alivyoelekezwa, msomaji wa lugha hiyo ataelewa, na asembla itakuwa imeandika COBOL isiyoifahamu.

Lakini mpiga chapa huyu ana desturi zake tatu ambazo hatuna budi kuzijua. Kwanza, ritifaa ikitakiwa ionekane katika kadi, iandikwe mara mbili. Pili, alama & nayo iandikwe mara mbili ikiwa si ya kigeu. Tatu, nukta inayofuata kigeu moja kwa moja huhesabiwa kuwa gundi ya kuunganishia, nayo humezwa. Anayetaka nukta baada ya kigeu aandike nukta mbili. Desturi hii ya tatu ina uzito wa pekee kwetu, kwa kuwa sentensi za COBOL huishia kwa nukta.

4. Mfano kamili

Tutatunga makro tatu. REKODI hufungua maelezo, SEHEMU hueleza sehemu moja ya rekodi, na MWISHO hufunga na kukagua. Kigeu &LUGHA huamua lugha itakayoandikwa, na &JUMLA hujumlisha urefu wa sehemu zote.

*Kielelezo cha 1: Kufungua rekodi*

```
         MACRO
         REKODI &JINA
         GBLC  &LUGHA
         GBLA  &JUMLA
&JUMLA   SETA  0
         AIF   ('&LUGHA' EQ 'PLI').PLI
         PUNCH '       01  &JINA..'
         MEXIT
.PLI     PUNCH ' DCL 1 &JINA'
         MEND
```

Tazama nukta mbili baada ya &JINA katika mstari wa COBOL. Tazama pia nafasi saba zilizotangulia 01. Katika utaratibu wa kadi za COBOL, safu ya 1 hadi ya 6 ni za namba ya mstari na ya 7 ni ya alama maalumu. Maelezo ya ngazi ya 01 huanzia safu ya 8. Anayeandika lugha kwa kupitia lugha nyingine hana budi kuzijua adabu za lugha zote mbili.

*Kielelezo cha 2: Kueleza sehemu moja*

```
         MACRO
         SEHEMU &JINA,&AINA,&UREFU
         GBLC  &LUGHA
         GBLA  &JUMLA
&JUMLA   SETA  &JUMLA+&UREFU
         AIF   ('&LUGHA' EQ 'PLI').PLI
         AIF   ('&AINA' EQ 'N').CNAMBA
         PUNCH '           05  &JINA PIC X(&UREFU).'
         MEXIT
.CNAMBA  PUNCH '           05  &JINA PIC 9(&UREFU).'
         MEXIT
.PLI     AIF   ('&AINA' EQ 'N').PNAMBA
         PUNCH '       ,2 &JINA CHAR(&UREFU)'
         MEXIT
.PNAMBA  PUNCH '       ,2 &JINA PIC ''(&UREFU)9'''
         MEND
```

Aina N ni sehemu ya namba, na aina H, tutakayoitumia hapa chini, ni sehemu ya herufi. Katika PL/I sehemu hutenganishwa kwa mkato, na ya mwisho hufuatwa na nukta-mkato. Makro SEHEMU haijui kama iliyopo mkononi ndiyo ya mwisho. Kwa hiyo tumeuweka mkato mwanzoni mwa kila sehemu badala ya mwishoni, na kumwachia MWISHO kazi ya kuweka nukta-mkato. PL/I haijali mkato umekaa mstari gani, nasi tumejiepushia hesabu isiyo ya lazima.

*Kielelezo cha 3: Kufunga na kukagua*

```
         MACRO
         MWISHO &KAMILI
         GBLC  &LUGHA
         GBLA  &JUMLA
         AIF   ('&LUGHA' NE 'PLI').PIMA
         PUNCH '       ;'
.PIMA    AIF   (&JUMLA EQ &KAMILI).SAWA
         MNOTE 8,'UREFU NI &JUMLA, SI &KAMILI'
.SAWA    MEND
```

MNOTE hutoa ujumbe kwa mwandishi. Namba 8 ni kiwango cha uzito wa kosa, na kazi inayofuata inaweza kuamriwa isianze ikiwa kosa la uzito huo limetokea.

*Kielelezo cha 4: Maelezo ya rekodi, mara moja tu*

```
         GBLC  &LUGHA
&LUGHA   SETC  'COBOL'
         REKODI MTAHINIWA
         SEHEMU NAMBA,H,9
         SEHEMU JINA,H,30
         SEHEMU SHULE,H,5
         SEHEMU ALAMA,N,3
         SEHEMU AKIBA,H,3
         MWISHO 50
         END
```

Asembla ikiisoma matini hii pamoja na makro zetu, itatoa kadi zifuatazo:

```
       01  MTAHINIWA.
           05  NAMBA PIC X(9).
           05  JINA PIC X(30).
           05  SHULE PIC X(5).
           05  ALAMA PIC 9(3).
           05  AKIBA PIC X(3).
```

Tukibadilisha neno COBOL liwe PLI, bila kugusa kingine chochote, tutapata:

```
 DCL 1 MTAHINIWA
       ,2 NAMBA CHAR(9)
       ,2 JINA CHAR(30)
       ,2 SHULE CHAR(5)
       ,2 ALAMA PIC '(3)9'
       ,2 AKIBA CHAR(3)
       ;
```

Matini hizi huwekwa katika maktaba ya programu. Programu ya COBOL huivuta ya kwake kwa agizo COPY, na ya PL/I kwa agizo %INCLUDE. Tangu hapo, anayetaka kulirefusha jina hubadilisha namba katika Kielelezo cha 4 peke yake, huiendesha asembla mara mbili, kisha huzitafsiri upya programu zote mbili. Mtahiniwa wa shule namba 04127 hatapewa tena namba ya shule yake kuwa alama.

5. Matumizi halisi

Msomaji asidhani kwamba haya ni mazoezi ya darasani tu. Mfumo mkuu wa uendeshaji wa System/360, ulioitwa OS/360, ulitayarishwa kwa ajili ya kila mteja kwa njia hii hii. Mteja aliandika makro za kueleza mashine yake: ina kumbukumbu kiasi gani, diski ngapi, vichapishi vingapi. Hatua ya kwanza ilikuwa kuzipitisha makro hizo katika asembla. Kilichotoka hakikuwa maagizo ya mashine, bali rundo la kadi za JCL, yaani lugha ya kuiamuru kompyuta kazi za kufanya. Hatua ya pili ilikuwa kuziingiza kadi hizo, nazo zikaujenga mfumo mzima. Mfumo wa hifadhidata wa IMS nao umefuata utaratibu kama huo wa hatua mbili.

Mfano mwingine ni CICS, mfumo wa IBM uliotolewa mwaka 1969 kwa ajili ya kazi kama zile za benki, ambamo watumishi wengi hutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Sura ya skrini huelezwa humo kwa makro za asembla: DFHMSD kwa mkusanyo wa sura, DFHMDI kwa sura moja, na DFHMDF kwa kila sehemu ya sura. Maelezo hayo hayo hupitishwa katika asembla mara mbili. Mara ya kwanza, kwa TYPE=MAP, hutoa sura yenyewe kama itakavyotumiwa na mashine. Mara ya pili, kwa TYPE=DSECT, hutoa matini ya maelezo katika lugha iliyotajwa kwa LANG, kama vile COBOL au PL/I. Sehemu iliyoitwa JINA huzaa katika COBOL majina kama JINAL la urefu, JINAI la kilichoingizwa, na JINAO la kitakachoonyeshwa. Kwa hiyo skrini na programu haziwezi kutofautiana kwa bahati mbaya, maana zimetoka tumbo moja.

6. Tahadhari

Kila chombo kina mipaka yake. Kwanza, matini iliyoandikwa na makro isirekebishwe kwa mkono kamwe. Anayeirekebisha anarudisha ule ubao wa pili wa matangazo, na marekebisho yake yatafutika siku makro zitakapoendeshwa tena. Inafaa makro itangulize mstari wa maelezo unaosema kwamba matini hiyo imeandikwa na mashine, na kutaja chanzo chake.

Pili, PUNCH haikagui inachoandika. Ukikosea neno la COBOL ndani ya makro, asembla itanyamaza, na kosa litafichuliwa baadaye na kompaila ya COBOL, katika mstari ambao hakuna mtu aliyeuandika. Mtafutaji wa kosa lazima arudi nyuma hadi kwenye makro.

Tatu, lugha ya makro ni ngumu kusomwa. Rekodi inayotumiwa na programu moja tu haihitaji makro. Iandikwe kwa mkono, na iwe wazi.

Siku hizi matini za namna hii huandikwa pia kwa vyombo vingine. Makro za m4, zilizotungwa na Brian Kernighan na Dennis Ritchie mwaka 1977, zinapatikana katika kompyuta nyingi zenye mfumo wa jamii ya Unix. Na lugha yoyote inayoweza kuchapa maneno inaweza kuchapa programu. Kanuni ni ile ile kwa vyombo vyote: jambo liandikwe mahali pamoja, nakala zitokane na mahali hapo, na kila nakala ikaguliwe kabla ya kutumika.

Mazoezi

1. Katika Kielelezo cha 1, nukta mbili baada ya &JINA zikipunguzwa kuwa moja, mstari wa COBOL utakaotoka utakuwaje? Je, ni nani atakayeligundua kosa, asembla au kompaila?

2. Urefu wa JINA ukifanywa 32 bila kupunguza AKIBA, MNOTE itatoa ujumbe gani?

3. Katika faili ya sehemu ya 1, baada ya mabadiliko, programu ya zamani ya vyeti itachapa nini mahali pa namba ya shule ikiwa jina la mtahiniwa lina herufi 20?

4. Ongeza aina ya tatu, T, kwa ajili ya tarehe yenye tarakimu 8. Onyesha mistari mipya ya makro SEHEMU kwa lugha zote mbili.

5. Wanafunzi wagawanyike makundi mawili. Kundi moja liwe asembla na lifuate makro neno kwa neno kwenye karatasi ya mirabaraba, bila kubahatisha maana. Kundi la pili liwe kompaila na likague safu kwa safu. Kila kundi liandike makosa liliyoyaona, na mwalimu aulize: kosa hili ni la wakati wa kuandika au la wakati wa kutenda?

Majibu ya maswali matatu ya kwanza

1. Mstari utakuwa 01 MTAHINIWA bila nukta. Asembla haitalalamika, kompaila ya COBOL ndiyo itakayogundua.

2. UREFU NI 52, SI 50.

3. Itachapa nafasi tupu. Programu ya zamani inaitafuta namba ya shule katika nafasi ya 35 hadi 39, ambazo sasa ni tano za mwisho za jina. Na jina la herufi 20 huishia nafasi ya 29.